Uzi: Nimemwona Lionel Loueke jukwaani, naomba tuongelee gitaa la jazz kwa kirefu

Mpenda_Nyuzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mtanivumilia. Kwa miaka mingi nimemsikiliza mpiga gitaa wa Benin, Lionel Loueke, kupitia spika za masikioni, na hatimaye nimemwona jukwaani akiwa na wenzake wawili, mmoja kwenye besi na mwingine kwenye dramu. Ukumbi ulikuwa mdogo, wa aina ambayo ukikaa mbele unaona hadi kucha za mpigaji. Nimetoka pale nikiwa na mengi ya kusema, na najua humu kuna watu wenye masikio.

Kwa wasiomjua: Loueke alizaliwa mwaka 1973. Utotoni alianza na ngoma, gitaa akalishika akiwa na miaka 17 kwa kumwiga kaka yake. La kwake mwenyewe alilipata baada ya kudunduliza dola 50 kwa mwaka mzima. Nyuzi mpya zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo za zamani alizisafisha kwa kuziloweka kwenye siki, na kuna wakati alifunga nyaya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi. Anayepiga gitaa anajua waya wa breki ulivyo mgumu kuukandamiza kwa kidole, kwa hiyo na apate picha. Baadaye rafiki yake alimletea CD ya mpiga gitaa George Benson kutoka Paris, na jazz ikamteka hapo. Akasoma muziki Ivory Coast, kisha Paris, kisha chuo cha muziki cha Berklee kule Boston. Mwaka 2001 alifanya usaili wa kuingia Thelonious Monk Institute, chuo cha jazz kule Marekani, na waliokaa kumsikiliza ni Herbie Hancock wa piano, Wayne Shorter wa saksofoni na Terence Blanchard wa tarumbeta. Usaili mzito kuliko huo sidhani kama upo kwenye muziki huu. Blanchard akamchukua kwenye bendi yake, Hancock akazunguka naye duniani kwa miaka, na kwenye albamu ya Loueke iitwayo Karibu ya mwaka 2008 wamo Hancock na Shorter wote wawili.

Sasa tuje jukwaani. Alikuwa na gitaa la nyuzi za nailoni na anapiga kwa vidole vitupu. Kidole gumba kinatembeza besi kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinagusa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa vipande vifupi, anagusa na kuachia. Juu ya hapo anaimba, na anachoimba ni ile ile melodi anayoipiga, noti kwa noti, hata pale anapobuni papo kwa papo. Katikati ya mistari anapiga ulimi kwenye kaakaa, na mlio ule unaangukia pale pale ambapo mpiga dramu angegonga ukingo wa ngoma kwa fimbo. Kwenye rekodi sauti hizi zinakufikia zikiwa zimechanganywa, na mtu asiyemjua anaweza kuapa kwamba yupo mpiga tumba pembeni. Ukumbini unaona mdomo, kidole gumba na ulimi vikifanya kazi kwa wakati mmoja, na unaona mabega yake yakienda na kila pigo.

Kwenye wimbo mmoja alichukua kipande cha karatasi akakipenyeza kati ya nyuzi, karibu na daraja la gitaa. Karatasi inauzuia uzi usitetemeke kwa uhuru, kwa hiyo ule mlio mrefu unaofifia taratibu unapotea, unabaki mlio mfupi, mkavu, wenye mkwaruzo kidogo, karibu kabisa na kalimba. Hakuna mashine yoyote hapo. Halafu mguuni ana pedali ambayo anaitumia kushusha sauti ya gitaa hadi kwenye eneo la besi, akitaka kuizidishia bendi uzito. Watu waliokaa karibu nami walikuwa wanainuka kwenye viti ili waone anafanya nini.

Ufundi huo lakini unaweza kuuona hata kwenye video. Kilichonishika ni kingine. Katikati ya solo yake, mpiga dramu alibadilisha pigo la mkono wa kushoto, badiliko dogo ambalo nadhani wengi hawakulisikia. Loueke aliacha alichokuwa anakijenga. Akanyamaza, kichwa amekiinamisha upande wa dramu, uso wote unacheka. Aliporudi alirudi na pigo lile lile, sasa likiwa kwenye nyuzi. Mpiga besi akalidaka. Kufumba na kufumbua wimbo ukawa umehamia mahali pengine, na hakuna aliyeupeleka huko peke yake.

Kimya kile kwenye rekodi ningekisikia kama nafasi tu kati ya sentensi mbili za gitaa. Pale nilimwona mtu mwenye uwezo wa kupiga chochote akiamua kutopiga, ili amsikie mwenzake. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kumfuata mpiga gitaa wa jazz ukumbini: unamwona anapoamua. Karibuni tujadili.

Santuri_Kuukuu

Asante kwa uzi, mkuu, umeandika kwa mapenzi. Mimi naomba kutofautiana nawe kidogo. Matamasha mengi niliyohudhuria gitaa limezama. Dramu zinafunika, besi inavuma kwenye kuta, yule niliyemfuata namwona mikono tu. Nikirudi nyumbani nikaweka Smokin' at the Half Note ya Wes Montgomery ya mwaka 1965, nasikia kila oktavu, noti moja na pacha wake wa juu kwa pamoja, aliyoigusa kwa kile kidole gumba chake. Na naweza kuirudia hadi niielewe. Tamasha likipita limepita.

Mpenda_Nyuzi

Mzee wangu, hoja ya sauti kuzama nakupa yote. Gitaa limekuwa na tatizo hilo tangu enzi za bendi kubwa: mbele ya matarumbeta na saksofoni lilikuwa halisikiki, likabaki kukwangua kodi nyuma. Mpiga gitaa Charlie Christian alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na gitaa la umeme, ndipo watu wengi waliposikia gitaa likisimama mbele na kupiga solo kama saksofoni. Na bado hadi leo kwenye ukumbi mkubwa wenye mwangwi, gitaa la jazz ndilo linaloumia kwanza, maana wapigaji wengi wanapenda sauti ya mviringo, isiyo na makali, na sauti hiyo inamezwa upesi na sahani za dramu. Ndiyo maana mimi nachagua kumbi ndogo. Uwanja wa tamasha kubwa la wazi utakupa shangwe, ila kwa gitaa hili nausamehe.

Kuhusu Half Note, umetaja albamu ambayo nadhani inanisaidia mimi zaidi. Kwenye santuri ya awali nyimbo mbili za kwanza ndizo zilizorekodiwa klabuni, zilizobaki zilirekodiwa miezi michache baadaye kwenye studio ya Rudy Van Gelder. Watu ni wale wale: Wes, Wynton Kelly kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Jimmy Cobb kwenye dramu. Zote ni kazi nzuri mno. Lakini sikiliza wimbo wa kwanza, ule mrefu wa klabuni, Wes anavyopandisha: anaanza na noti moja moja, anahamia kwenye oktavu, kisha kodi nzima nzima, na kundi lote linapanda naye bila kukimbia. Haraka hakuna, kwa sababu wanaosikiliza wapo mbele yake na wanamjibu. Wes alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 45, kwa hiyo sisi tumebakiwa na rekodi tu. Loueke yupo hai na anazunguka. Nitasikiliza santuri zake nikiwa mzee.

Mgeni_wa_Jazz

Mimi ni mgeni kwenye muziki huu, msinicheke. Nikienda kwenye onyesho la jazz napotea baada ya dakika mbili. Wimbo unaanza vizuri, kuna melodi naishika, halafu kila mtu anaenda njia yake, mwishoni melodi inarudi na watu wanapiga makofi. Pale katikati nashika wapi?

Mpenda_Nyuzi

Hakuna wa kukucheka hapa. Tena umeshaeleza muundo wenyewe vizuri kuliko vitabu vingi.

Ile melodi ya mwanzo imekaa juu ya mfuatano wa kodi wenye urefu maalumu. Nyimbo nyingi za zamani zina vipimo 32, kila kipimo kina mapigo 4, na zimegawanyika sehemu nne za vipimo vinane vinane: sehemu ya kwanza, inarudiwa, inakuja ya tofauti, kisha ya kwanza inarudi tena. Bluzi zina vipimo 12. Melodi ikiisha, mfuatano ule hauishi. Unaanza upya, na mpiga solo anabuni melodi mpya juu yake, mzunguko baada ya mzunguko, hadi atosheke na kumpisha mwingine. Kwa hiyo ukiona kila mtu ameenda njia yake, wote bado wanatembea juu ya barabara ile ile na wanajua wako kona gani. Jaribu hivi: gitaa likianza solo, wewe endelea kuimba melodi ya mwanzo kimoyomoyo. Utashangaa jinsi solo inavyoangukia mahali pake.

Na hapa macho yanasaidia sana. Mpiga solo akikaribia kumaliza mara nyingi anamtazama anayefuata, au anainua shingo ya gitaa kidogo. Akitaka wote warudi kwenye melodi, wanamuziki wengi hugusa utosi kwa mkono. Kuna pale gitaa na dramu wanapobadilishana, huyu vipimo vinne, yule vipimo vinne. Hapo unaweza kuhesabu kwa kidole pajani. Makofi ni mwisho wa solo ya kila mmoja, usisubiri mwisho wa wimbo.

Ila kwa Loueke nikuonye: huyu anapenda hesabu zisizo za kawaida. Kwenye Karibu kuna wimbo unaitwa Seven Teens, mzunguko wake una mapigo 17. Namba hiyo huwezi kuigawa katikati ikakubali. Ukianza kuhesabu kwa akili utachoka. Mfuate mpiga besi, noti yake ya kwanza ya kila mzunguko ndiyo mlango. Ukishaikariri, mwili wako utaisubiri wenyewe.

Besi_Nzito

Nimefurahi kuona besi imetajwa kwa heshima, haitokei mara nyingi.

Nina jambo kwa Mgeni. Sikio lako huenda limeandaliwa bila wewe kujua. Kama umekua unasikiliza rumba, umekua unasikiliza gitaa la ridhimu, la second solo na la solo yakisemezana kwa wakati mmoja, na besi ikijibu chini. Weka wimbo wowote wa Franco na OK Jazz, acha kumsikiliza mwimbaji, lifuate gitaa la katikati tu hadi mwisho. Ukiweza hilo, trio ya jazz, kundi la watu watatu, utaiweza. Loueke mwenyewe kabla ya Benson alikuwa mtu wa miziki ya Benin, Kongo na Mali, na ukimsikiliza kwa makini, vile vimistari vinavyojirudiarudia na kubadilika kidogo kidogo vimetoka huko. Watu wakimsikia akipiga hivyo Marekani wanashangaa, sisi tunatikisa kichwa tu kwa kuwa tunajua.

Halafu kuhusu wenzake. Massimo Biolcati wa besi na Ferenc Nemeth wa dramu alikutana nao Berklee, wakatoa albamu ya pamoja, Gilfema, mwaka 2005. Wamepiga pamoja tangu ujana wao. Kule kudakana ulikokueleza, mkuu, hakuji kwa kupeana namba za simu wiki moja kabla ya onyesho. Na wanaotumia programu ya iReal Pro kufanyia mazoezi, basi wajue aliyeitengeneza ni huyo huyo Biolcati.

Kidole_Gumba

Mimi najifunza gitaa, bado niko kwenye kodi za kawaida. Kuna faida ya kwenda kumwangalia mtu wa kiwango hicho au nitatoka nimekata tamaa? Na je, nirekodi kwa simu ili nirudie nyumbani?

Mpenda_Nyuzi

Nenda, ndugu yangu. Tena nenda mapema ukae upande ambao shingo ya gitaa imeelekea, usikubali kukaa nyuma ya dramu. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ukiwa mbele ya jukwaa shingo inakuja upande wako wa kulia. Hapo mkono wa kushoto unauona wazi, na ukigeuza macho kidogo unamwona na mpiga dramu.

Usifukuzie noti za haraka. Hizo zitakupita, na hata ukizidaka hazitakusaidia sasa. Angalia vidole vinapumzika wapi wakati hapigi. Angalia kodi anazoshika: mara nyingi ni noti tatu au mbili tu, siyo nyuzi zote sita, kwa kuwa mpiga besi ameshaibeba noti ya chini na hakuna haja ya kuirudia. Hilo peke yake likikuingia, upigaji wako utabadilika kesho yake asubuhi. Angalia pia anafanya nini wakati solo ni ya mwenzake. Kusindikiza ndiko kazi kubwa ya gitaa kwenye jazz, na huko ndiko nilikojifunza zaidi usiku ule: besi ilipopewa nafasi, Loueke alibaki anagusa kodi mara mojamoja, tena kwa sauti ya chini hivi kwamba ilibidi tunyamaze wote ili tusikie. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Ni yeye aliyetunyamazisha, kwa ajili ya mwenzake.

Simu iache mfukoni. Sauti ya jazz kwenye simu inatoka imebanwa, besi haipo, sahani zinapasua. Na mkono ulioinuliwa unamziba aliye nyuma yako. Kuna kitu kingine pia: ukijua unarekodi, akili inalegea, inasema nitasikiliza baadaye. Kwa muziki ambao hautapigwa tena vile vile, hiyo ni hasara. Beba kidaftari kama unapenda, andika mapumziko yakifika.

Kuhusu kukata tamaa, kumbuka mtu huyu aliligusa gitaa akiwa na miaka 17 na aliwahi kufunga nyaya za breki. Pia msome mpiga gitaa Pat Martino. Mwaka 1980 alifanyiwa upasuaji wa ubongo, akapoteza kumbukumbu nyingi, hata jinsi ya kupiga gitaa, akajifunza upya kwa msaada wa rekodi zake mwenyewe. Akarudi jukwaani na akaendelea kupiga kwa miongo mingine. Hapo Santuri_Kuukuu nakupa pointi moja kamili: bila zile santuri asingekuwa na mwalimu.

Santuri_Kuukuu

Pointi nimeipokea, naiweka kabatini. Na nakiri kwamba hayo ya kusindikiza umeyaeleza vizuri, kwa maana kwenye santuri zangu nyingi gitaa la kusindikiza limeshushwa sana na fundi mitambo. Jim Hall ndiye mpiga gitaa wangu wa moyoni, bingwa wa kupiga kidogo, na albamu yake ya jukwaani ya mwaka 1975, ile ya trio iliyorekodiwa Toronto, nimeisikiliza hadi imechakaa. Alifariki mwaka 2013 na sikuwahi kumwona. Ukweli ni kwamba hilo linaniuma.

Mpenda_Nyuzi

Nakuelewa kabisa, mzee. Ndiyo maana nawaambia wote humu: kama mpiga gitaa unayempenda yupo hai na anapita mahali unapoweza kufika, usiahirishe.

Mgeni_wa_Jazz

Swali la mwisho. Nimwone akiwa peke yake au na trio? Na kabla ya kwenda nisikilize nini, maana muda ni mdogo?

Mpenda_Nyuzi

Akiwa peke yake utaona vizuri zaidi mikono na sauti zinavyogawana kazi. Mwonjo wake upo kwenye albamu ya HH ya mwaka 2020, ambapo anapiga nyimbo za Herbie Hancock yeye, gitaa na mdomo wake tu. Wimbo unaoujua kwa piano, besi na ngoma anaujenga wote kwa vidole kumi, na bado kuna hewa ndani yake. Mimi hata hivyo, kama tiketi ni moja, nachagua trio. Akiwa peke yake anaamua kila kitu, na akiwa na watu wawili anaowaamini anakubali kuamuliwa. Hicho ndicho kitu ambacho ningependa ukione kwanza.

Kabla ya kwenda, sikiliza Karibu yote, mara mbili ikiwezekana, ya pili ukifuata besi. Ukitaka kumsikia akiwa ndani ya kundi la mtu mwingine, tafuta River: The Joni Letters ya Hancock ya mwaka 2007. Ndiyo iliyochukua Grammy ya Albamu ya Mwaka 2008, jambo ambalo albamu ya jazz ilikuwa haijalifanya tangu Getz/Gilberto mwaka 1965. Gitaa lake humo ni la chinichini sana, linahitaji utulivu kulipata.

Besi_Nzito

Aongeze na The Journey ya mwaka 2018. Na akishaenda arudi hapa atuambie mpiga besi alikuwa nani na alisikika au la.

Mgeni_wa_Jazz

Nimeandika zote. Naanza na Karibu leo usiku, nikikwama kwenye yale mapigo 17 nitarudi kuuliza.